Kigari cha gofu cha "watu wanne": viti vinakudanganya

Shemeji yangu alipima gereji kwa hatua. Alihesabu hatua nne ndefu kutoka mlangoni hadi ukuta wa ndani, akageuka akaniambia, "Shem, kinaingia, tena nafasi inabaki." Kigari chenyewe kilikuwa cha watu wanne, kimeshatumika miaka kadhaa, na kweli kiliingia. Mlango ukafungwa, tukapeana mikono. Ndipo tukakumbuka kwamba kitu hicho huchajiwa. Tundu la kuchajia lilikuwa ubavuni, upande ule uliobanana na ukuta, na pengo lililobaki hapo lingepitisha mkono wa mtoto tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa maswali ya vigari hivi kana kwamba mimi ni fundi. Hivi sasa havipo tena kwenye viwanja vya gofu peke yake. Vinabeba wageni hotelini, wagonjwa kwenye hospitali kubwa, wazee kwenye makazi yaliyozungushiwa ukuta, wahadhiri chuoni. Na karibu kila anayetaka kununua anaanza na swali lile lile: ni cha watu wangapi? Akishajibiwa, anadhani ameshajua ukubwa wake, nguvu zake na mahali pa kukiweka. Kumbe hesabu ya viti inakuambia mambo machache mno. Viti vikiongezeka, kinachoongezeka kwa hakika ni urefu. Upana unabaki pale pale, na uwezo wa kubeba mzigo mara nyingi nao unabaki pale pale. Mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Tuelewane kwanza majina

Kigari cha gofu kwa maana yake ya asili ni chombo cha magurudumu manne kilichobuniwa kubeba wachezaji wawili na mifuko yao ya fimbo. Viwango vya usalama vya Marekani, ambako vingi hutengenezwa, vinataka kisizidi maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24 hivi. Mwanariadha wa mbio fupi anakiacha.

Kuna ndugu yake anayefanana naye kama pacha: gari la mwendo mdogo. Hili lilipewa kanuni zake na serikali ya shirikisho ya Marekani mwaka 1998. Linakwenda kati ya maili 20 na 25 kwa saa, takriban kilomita 32 hadi 40, na lazima liwe na taa, vioo vya pembeni, kioo cha mbele, mikanda ya usalama na namba ya utambulisho kama gari lolote. Ukiviona vimeegeshwa sambamba huenda usivitofautishe. Lakini kimoja kimeundwa kwa ajili ya nyasi na vijia, kingine kwa barabara za mwendo wa polepole. Kukifungia kigari cha gofu taa na honi hakukigeuzi kuwa gari la barabarani, kama vile kumvalisha mtu koti jeupe kusivyomfanya daktari.

Wa tatu ni kigari cha kazi, chenye bodi ya mizigo nyuma badala ya viti. Huyo tumwache, ana habari zake.

Karatasi moja ya plaiwudi

Kama umewahi kuona karatasi nzima ya plaiwudi, ile ya futi nne kwa nane, basi umeshaona kivuli cha kigari cha watu wawili. Upana wake ni karibu mita 1.2 na urefu wake mita 2.3 hadi 2.5, kutegemea aina. Kimo, pamoja na paa, ni mita 1.75 hadi 1.9. Gari dogo la kawaida lina upana wa mita 1.8 hivi na urefu wa mita 4 na ushei. Kwa hiyo kwenye eneo la gari moja unaweza kuegesha vigari viwili vya namna hii, kwa kubanana kidogo.

Ongeza sasa kiti cha nyuma, kile ambacho abiria wake wanakaa mgongo kwa mgongo na dereva wakitazama walikotoka. Urefu unapanda hadi mita 2.7 au 2.9. Hiki ndicho "cha watu wanne" ambacho wengi wanakifahamu, na chini yake mara nyingi ni fremu ile ile ya kigari cha wawili. Pale mahali palipokuwa pa mifuko ya fimbo pamefungwa kiti. Lakini kipo pia cha watu wanne ambao wote wanatazama mbele, safu mbili kama kwenye gari. Kwa kawaida fremu yake imerefushwa, na vingi hupita mita 3. Vyote viwili vinauzwa kwa jina moja, "viti vinne", na tofauti yao inaweza kufikia nusu mita. Nusu mita ndiyo inayoamua kama mlango utafungika.

Vya watu sita hucheza kati ya mita 3.5 na 4. Vya wanane hupita mita 4.5, na hapo unazungumzia urefu wa gari kamili ingawa upana wake bado ni ule ule wa plaiwudi. Kigari kirefu na chembamba kinapata shida kwenye kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kona kwa ndani, na kadiri ekseli mbili zinavyokuwa mbali ndivyo yanavyokata zaidi. Dereva aliyezoea kigari cha wawili akipewa cha sita, maua ya kwenye kona ndiyo yanayomfundisha.

Kuhusu kimo, tahadhari ni moja. Milango mingi ya gereji ina uwazi wa mita 2.1 hivi, na kigari cha kawaida kinapita bila wasiwasi. Mambo hubadilika kwa vile vilivyoinuliwa, vyenye springi zilizonyanyuliwa na matairi makubwa. Hivyo vinaweza kufika mita 2 au kuzidi. Na mlango unaofunguka kwa kupanda juu haupotei hewani: unalala chini ya dari, pamoja na reli na mota yake. Pima kutoka sakafuni hadi kitu cha chini kabisa kinachoning'inia wakati mlango uko wazi, usipime fremu ya mlango.

Vipimo vya karatasi ni vya kigari kilicholala

Hapa ndipo shemeji alipoteleza, na si yeye peke yake. Urefu ulioandikwa kwenye kijitabu ni wa kigari tupu, kimesimama, hakuna kilichofunguliwa. Kigari kinachotumika hakikai hivyo. Ubao wa kukanyagia wa kiti cha nyuma unatokeza. Kiti cha nyuma, kwenye aina nyingi, kinakunjuka kikawa kitanda cha mizigo, na kikikunjuka kinataka nafasi. Ukifunga kishikio cha mifuko ya fimbo nyuma ya kiti hicho, mkia umerefuka tena. Vioo vya pembeni vinaongeza upana. Na kiti cha mbele kinanyanyuliwa ili ufikie betri, kwa hiyo lazima pawepo mahali pa wewe kusimama ukiwa umeinama.

Njia nzuri kuliko zote nilizojaribu ni chaki. Chora mstatili wa kigari sakafuni, kisha chora wa pili unaouzunguka, sentimita 60 kila upande ambao mtu atapita au kufanya kazi. Ukuta ukiingia ndani ya mstari wa pili, jiulize ni upande gani unaweza kuusamehe. Upande wa tundu la kuchajia hausameheki. Tundu hilo linatofautiana mahali kutoka aina moja hadi nyingine, basi litafute kwa macho kabla ya kuamua kigari kiingie kwa mbele au kwa kinyumenyume.

Wanaotaka kukisafirisha kwa trela wana hesabu yao pia. Trela ya futi tano kwa nane inakimeza cha watu wawili kwa shida, cha wanne kinataka futi kumi. Uzito nao si mchezo: kigari cha betri za asidi ya risasi kikiwa hakina mtu kina kilo 400 hadi 550, na betri peke yake, sita za kilo karibu 28 hadi 30 kila moja, zinachukua zaidi ya kilo 160 za hizo.

Viti vinne, mzigo ule ule

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wauzaji hawalipigii debe. Vigari vingi vya watu wawili vimepewa uwezo wa kubeba pauni 800, yaani kilo 363 hivi. Vingi vya watu wanne, vile vya mgongo kwa mgongo, navyo vimepewa pauni 800. Ndiyo, zile zile. Kiti kimeongezwa, fremu haikuongezwa. Na ndani ya kilo hizo kuna kila kitu: watu, mifuko, na mara nyingi vikorombwezo ulivyovifunga baadaye.

Chukua watu wazima wanne wa kilo 80. Tayari ni 320. Weka mifuko miwili ya fimbo, kila mmoja kilo 12, umefika 344. Weka kasha la barafu lenye vinywaji, kilo 20, umefika 364. Umepitiliza kwa kilo moja, na hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Watu wanne wamekwenda kucheza gofu, basi.

Uzito wa nyuma una tabia nyingine. Kiti cha nyuma kimekaa karibu na ekseli ya nyuma au kupita kabisa nyuma yake. Watoto wanaijua kanuni hii kwenye ubao wa kubembea: mmoja akikaa mwishoni, mwenzake ananyanyuka. Abiria wawili wazito wakikaa nyuma na kigari kikapanda mlima, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unalegea mkononi. Ndiyo maana mafundi wanaofunga kiti cha nyuma hubadilisha na springi za nyuma. Ukinunua kilichofungwa kiti mtaani, inama uangalie springi kabla hujasifia rangi ya kitambaa.

Kuna wanaoamini kwamba kigari kilichoinuliwa kinabeba zaidi kwa sababu kinaonekana na misuli. Kimo hakiongezi uwezo. Kinachopanda ni kitovu cha uzito, na kigari kinakuwa mwepesi wa kupinduka kwenye kona au mteremko. Matairi makubwa yanasaidia kupita kwenye mashimo, basi.

Kuhusu upana wa kukaa: benchi la mbele lina mita moja hivi, ukitoa vishikio vya pembeni unabaki na nusu mita kwa kila mtu, au pungufu. Watatu wanaenea kwenye picha tu. Vishikio vile vya chuma pembeni ya benchi havikuwekwa kwa ajili ya kupumzisha kiwiko. Kazi yake ni kuzuia nyonga isiteleze nje, kwa sababu vigari vingi vya gofu havina milango wala mikanda. Ukikata kona ya kushoto kwa kasi, aliyekaa kulia anasukumwa nje, na hapo hakuna kingine kinachomshikilia.

Aliyekaa nyuma ana mkasa wake. Kigari kikiondoka kwa ghafla, wanaotazama mbele wanasukumwa kwenye egemeo la kiti. Yeye anayetazama nyuma hana egemeo upande huo, ana lami tu. Kigari kinamtoka chini ya mapaja, kama zulia linalovutwa. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye ubao wa kukanyagia hana hata pa kujikazia. Kwa maoni yangu mtoto wa namna hiyo asikae kiti cha nyuma kabisa, na kama kiti hicho hakina mkanda na chuma cha kushika, basi ni cha mizigo. Ongeza kwamba vigari vingi vya kawaida vina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, utaona kwa nini mwendo wa kilomita 24 kwa saa si mdogo kama unavyosikika.

Nikilazimika kuchagua kati ya mgongo kwa mgongo na wote mbele, nachukua wote mbele kwa kubeba watu kila siku, nakubali urefu wake. Mgongo kwa mgongo ni kizuri kwa mwenye abiria wa nyuma mara moja moja na mizigo mara nyingi, maana kiti kinakunjuka kikawa jukwaa la magunia ya mbolea au ngazi.

Mahali pa kuweka vitu

Watu wengi wanadhani chini ya benchi kuna sanduku tupu, kama chini ya kiti cha skuta. Ukiinua kiti cha kigari cha umeme unakutana na betri zimejipanga. Kama ni cha petroli, unakutana na injini. Wanaobadilisha kwenda betri za lithiamu hushangaa kuona pengo, kwa kuwa betri hizo ni ndogo na nyepesi kwa mbali, na baadhi hulitumia pengo hilo kuwekea vitu. Hapo hakikisha hakuna kitu cha chuma kinachoweza kuangukia vichwa vya betri. Spana moja ikilala juu ya vichwa viwili inatosha kuanzisha moto.

Mahali pa asili pa mizigo ni nyuma, kwenye kile kisahani cha mifuko chenye mikanda. Kimeumbwa kwa mifuko iliyosimama, kwani fimbo ndefu kuliko zote inaruhusiwa na sheria za gofu kufika inchi 48, yaani sentimita 122. Kitu chochote kirefu kinakaa vizuri pale: jembe, mwavuli, bomba. Ukishafunga kiti cha nyuma, nafasi hiyo imekufa. Huu ndio ubadilishanaji mkubwa kuliko wote kwenye biashara hii, na mtu anayecheza gofu kweli kila wiki afikirie mara mbili. Visahani vya dashibodi vinatosha simu, mipira na funguo, na havina kufuli.

Kinapolala usiku

Gereji si swali la nafasi peke yake, ni swali la hewa pia. Betri za asidi ya risasi zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kukusanyika chini ya dari, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya pale inaweza kuwaka kwa cheche moja. Kwa hiyo tundu la hewa linalofaa ni la juu. Lile la chini karibu na sakafu linasaidia hewa safi kuingia, lakini peke yake halitoi gesi. Chumba kidogo kilichozibwa kila upande hakifai, hata kama kigari kimeingia sawasawa na chaki yako. Cha petroli kina sumu yake: usikiwashe ndani mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika mbili za "kukipasha moto", kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu.

Betri za asidi ya risasi zenye vifuniko zinahitaji maji ya betri, yale yasiyo na madini. Kosa la kawaida ni kuyajaza pomoni kabla ya kuchaji. Umajimaji unatanuka wakati wa kuchaji, asidi inafurika na kula chuma cha fremu. Ongeza baada ya chaji kukamilika, isipokuwa kama sahani za ndani zimebaki wazi, hapo weka kidogo tu ya kuzifunika kwanza.

Kuna imani ya siku nyingi kwamba betri ikikaa juu ya sakafu ya zege inanyonywa chaji. Zamani, enzi za makasha ya mbao na mpira, jambo hilo lilikuwa na msingi. Makasha ya plastiki ya leo hayapitishi umeme kwenda sakafuni. Betri iliyoachwa miezi mitatu inakufa kwa sababu hupungua yenyewe kidogo kidogo, na ile ya risasi ikikaa bila chaji sahani zake hujenga ukoko wa salfeti usiotoka. Kama kigari kitalala muda mrefu, betri za risasi zijaze kabisa na uzirudie kila mwezi. Za lithiamu hufanywa kinyume: kwa kawaida watengenezaji wanataka zilale zikiwa na chaji ya kadiri, si zimejaa wala si tupu, na kiwango chenyewe kimeandikwa kwenye kijitabu chake.

Matairi nayo, yajaze upepo kabla ya kukilaza, la sivyo yatabonyea upande mmoja. Turubai liwe linalopumua, kwa maana nailoni nzito hufungia unyevu na kutu inaanza. Na panya wanapenda sana waya zilizotulia chini ya kiti, kwa hiyo usiache mabaki ya biskuti kwenye visahani vile vya dashibodi.

Ya shemeji yaliisha kwa jasho kidogo. Tulikitoa, tukakigeuza, tukakiingiza kwa kinyumenyume ili tundu la kuchajia liangalie upande wenye nafasi. Kikakataa kwa sentimita nane: ubao wa kukanyagia wa kiti cha nyuma uligonga rafu ya makopo ya rangi. Tukaihamisha rafu. Chaja ikaingia, taa yake ikawaka, na yeye akaniomba chaki.